Kumtafuta mzee wako katika rekodi za vifo za Kenya, hatua kwa hatua

Babu yangu mzaa mama alikuwa kuli katika bandari ya Kilindini, na amezikwa Kaloleni chini ya mwembe. Kwa miaka mingi hayo ndiyo tuliyoyajua. Nilipopata nakala ya cheti chake cha kifo, macho yangu yalikwama kwenye mstari wa mtoa habari. Palikuwa na jina la mwanamke, na mbele yake limeandikwa: binti wa marehemu. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumtaja.

Tangu hapo nimezisaidia familia kadhaa kutafuta, na kila mara nasisitiza jambo moja. Cheti cha kifo ni ushahidi wa mtu aliyekwenda kuripoti. Siku ya kifo na mahali anavijua, maana alikuwapo. Umri, na pengine hata jina la kuzaliwa la marehemu, huwa ameambiwa au amekisia.

Hatua ya 1: Keti na wazee kwanza

Usimwulize bibi, "Alikufa mwaka gani?" Atakutajia mwaka wowote ili uridhike. Mwulize kama marehemu alimtangulia Mzee Kenyatta au alibaki nyuma yake, na hapo mpaka wako ni Agosti 1978. Je, alikuwa hai feri ilipozama Mtongwe? Hiyo ni Aprili 1994. Jaribio la mapinduzi lilikuwa Agosti 1982, na mvua za El Niño ziliharibu barabara mwishoni mwa 1997. Ukipata matukio mawili, moja kabla na moja baada, una miaka michache tu ya kupekua.

Kisha uliza: usiku wake wa mwisho alilala wapi? Kifo huandikishwa katika wilaya alikofia mtu, hata akizikwa mbali. Familia ikisema "alifia nyumbani," mara nyingi maana yake ni kwamba alizikwa nyumbani. Mimi nilimtafuta babu miezi mitatu katika wilaya ya Kilifi, kumbe alikata roho hospitalini Mombasa na mwili ukasafirishwa usiku.

Andika pia majina yote aliyowahi kuitwa: la ubatizo, la kusilimu, la utani kazini. Karani aliandika alichosikia. Kazungu anaweza kuwa Kasungu, Ruwa akawa Luwa, Otieno akawa Othieno. Wanawake ndio hupotea zaidi, kwa kuwa mmoja anaweza kuandikwa kwa jina la baba, la mume au la mwanawe wa kwanza.

Hatua ya 2: Pima kama rekodi inaweza kuwapo

Sheria ya kusajili vizazi na vifo ni ya 1928, lakini kwa Waafrika usajili ulienea polepole, wilaya baada ya wilaya, na ni mwaka 1971 tu ulipokuwa lazima nchi nzima. Mzee aliyefia kijijini miaka ya 1940 huenda hakuandikwa popote. Hata baadaye, pwani tunazika mapema, na wengi walizikwa kabla naibu wa chifu hajapata habari. Aliyefia hospitalini alijaziwa fomu D1. Aliyefia nyumbani ni D2, inayojazwa na naibu wa chifu. Kwa sababu hiyo, rekodi za hospitali ndizo zenye matumaini zaidi.

Waliokufa vitani wana njia yao. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutika bure mtandaoni. Askari wengi wa Afrika Mashariki waliokufa katika Vita vya Pili na hawana kaburi linalojulikana majina yao yako kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Miongoni mwao wamo waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa na kupigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Ikiwa kwenu kuna mzee "aliyepotelea baharini wakati wa vita," anzia hapo. Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza hali ni ya kusikitisha: wengi mno majina yao hayakuhifadhiwa.

Hatua ya 3: Pekua Gazeti Rasmi la Serikali

Hapa ndipo penye hazina, na watu hupapita. Mtu akiacha shamba, nyumba au akaunti ya benki, warithi huenda mahakamani, na ombi lao hutangazwa katika Kenya Gazette. Matoleo mengi yapo kwenye Google Books na unaweza kutafuta neno ndani yake. Gazeti limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo andika jina la ukoo, jina la kijiji, pamoja na maneno "who died at". Jaribu kila tahajia uliyoiandika katika hatua ya 1.

Tangazo moja la mistari sita hukupa jina la marehemu, makao yake, mahali na tarehe ya kifo, majina ya walioomba, uhusiano wao naye, sanduku lao la posta na namba ya kesi. Shika namba ya kesi. Nenda nayo kwenye masjala ya mahakama iliyotajwa, uombe kuona jalada. Tangu Sheria ya Urithi ianze kutumika Julai 1981, mwombaji wa mirathi isiyo na wosia hujaza fomu P&A 5, inayowataja warithi walio hai. Mara nyingi ndani ya jalada kuna pia barua ya chifu na nakala ya cheti cha kifo chenyewe.

Hatua ya 4: Omba nakala

Ukiwa na jina, tarehe na wilaya, nenda ofisi ya usajili wa raia ya eneo alikofia. Beba kitambulisho chako, na namba ya rekodi kama umeiona kwenye jalada. Ukiambiwa haipo, omba kwa adabu waangalie miezi inayofuata, kwa kuwa vifo vingine viliandikishwa kwa kuchelewa.

Hatua ya 5: Soma cheti kuanzia kwa mtoa habari

Ni nani, na alikuwa nani kwa marehemu? Kisha tazama pengo kati ya siku ya kifo na siku ya kusajiliwa. Umri wa 60, 70 au 80 kamili utilie shaka mpaka upate karatasi nyingine. Sababu ya kifo ibaki ndani ya familia. Usiibandike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla wajane na watoto hawajaridhia.

Kisha mtafute mtoa habari mwenyewe, au watoto wake. Mimi nilimpata mama mkubwa wangu Mariakani, mzima, anaanika mahindi. Cheti kilisema babu alifariki 1986 akiwa na miaka 80. Mama mkubwa aliingia ndani akarudi na kopo la majani ya chai, akatoa kipande, yaani kitambulisho cha zamani cha babake: kuzaliwa 1918.

"Karani aliniuliza miaka," akasema. "Nikamwambia themanini. Nilikuwa nalia, mwanangu."