Namna ya kudumu na rafiki wa kalamu

Mwanangu, umeniuliza miaka ya themanini tulidumuje na marafiki wa mbali bila simu. Chukua daftari.

Rafiki tulimpata kwenye magazeti: jina, umri, S.L.P. na mapendeleo, ambayo kwa karibu kila mtu yalikuwa kusoma, muziki na kubadilishana zawadi. Waliotaka wa ng'ambo walijaza fomu za International Youth Service ya Turku, Finland, iliyounganisha vijana tangu 1952 hadi ilipofungwa 2008. Wewe chagua aliyetaja kitu cha peke yake. Mfuga njiwa atakuwa na la kusema hata barua ya kumi.

Nafuu yetu ilikuwa aerogramu, karatasi nyepesi unayoikunja ikawa bahasha, stempu imeshachapwa. Haitiwi kitu ndani, kwa hiyo picha ilitaka bahasha. Noti usitie kamwe. Na poda ya kunukisha barua achana nayo! Shuleni barua zetu zilipitia kwa mwalimu wa zamu, na iliyonukia ndiyo iliyofunguliwa kwanza.

Sasa penye kazi. Barua inakwenda wiki kadhaa, na jibu vivyo hivyo. Katikati umesahau ulichouliza. Unafungua unakuta: "Ndiyo, lakini baba hakukubali." Ndiyo ya nini? Basi unapojibu, lirudie swali lenyewe. Tia tarehe, tia na namba, maana barua hupishana njiani. Kwenye daftari andika kila uliyotuma: umesema nini, umeuliza nini. Habari za mafua usimpelekee; pole yake itakukuta umeshapona na umeugua malaria. Mweleze yasiyochacha: mama anavyokuna nazi, jirani anavyogombana na mbuzi wake. "Mimi mzima, hofu ni kwako" mstari mmoja unatosha, aerogramu ni ndogo.

Stempu zilitushinda bei. Rafiki wa Ulaya mwenye busara alitia kuponi ya kimataifa ya kujibia, iliyokuwapo tangu 1907. Uliipeleka posta ukapewa stempu za kumjibu.

Akinyamaza, ngoja miezi mitatu, uandike tena bila lawama, ukigusia yaliyokuwa kwenye barua iliyopita, huenda ilipotea. Wengi tuliwapoteza walipomaliza kidato cha nne, kwa kuwa sanduku lilikuwa la shule. Mpe anwani ya nyumbani mapema, kabla ya mtihani.