Alasiri ya vitabu Mkunguni: namna ya kuiandaa

Mimi huwakusanya watoto Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, tukawasomea vitabu bure. Ukitaka kufanya hivyo mtaani kwako, anza na ruhusa, kisha uliza ratiba ya madrasa. Mara ya kwanza nilipanga saa nane: jua kali, na watoto walikuwa madrasani. Sasa tunaanza baada ya swala ya alasiri na kumaliza kabla ya magharibi.

Nusu saa kabla, fagia vizuri. Punda hupita hapo kutwa, na mtoto hastahili kuketi penye kinyesi. Tandika mikeka chini ya miti ya mikungu, ukifuata kivuli. Msimu wa kusi upepo hupeperusha kurasa, basi beba vijiwe vya kuzikandamiza. Usipigilie msumari mtini wala ukutani. Mji wetu ni Urithi wa Dunia tangu 2001. Mabango yafunge kwa kamba.

Vitabu 20 vyatosha watoto 40, wakisoma wawili wawili. Lakini usitegemee vitabu pekee. Mwombe bibi wa mtaa aje. Akisema "Paukwa!" nao wakaitikia "Pakawa!", hata baba aliyekuja kumchukua mwanawe huketi. Hapo ndipo mimi humpa kitabu, amsomee mwanawe ukurasa mmoja tu. Wengi huona haya mwanzoni. Usiwaharakishe.

Maji ya kunywa usisahau. Na uhesabu vitabu kabla ya kukunja mikeka, maana kimoja hujificha humo kila mara.