Jinsi ya kutumia "a", "an" na "the", na kuyaweka maswali ya Kiingereza katika usemi wa taarifa

Mwanafunzi wa Kisumu anayeandika "I bought phone in Kondele" hakosei kwa uzembe, bali ameifuata lugha yake, kwa kuwa Kiswahili hutosheka na "nilinunua simu" bila kibainishi chochote (neno kama "a" au "the") mbele ya nomino. Kabla ya kuandika, jaribu kuongeza neno "fulani" au "moja" baada ya nomino hiyo katika Kiswahili. Sentensi ikikubali, tumia "a" au "an". Ikiwa ungesema "ile simu" au "simu yenyewe", basi msikilizaji anaijua tayari, nawe utumie "the": "I bought a phone in Kondele, but the phone has stopped working." Jaribio hili halifai kwa nomino zisizohesabika, kama vile "sugar" na "advice", ambazo kwa kawaida hazichukui "a".

Kuchagua kati ya "a" na "an" hutegemea sauti inayosikika, wala si herufi inayoonekana. Ndiyo maana tunaandika "an hour" na "a university", na vilevile "an MCA" (mwakilishi wa wadi) na "an M-Pesa agent", kwa sababu jina la herufi M huanza kwa sauti ya irabu.

Majina ya mahali yana ukaidi wake. Ziwa au mlima mmoja hauchukui kibainishi, kwa hiyo ni "Lake Victoria" na "Mount Elgon". Mito na safu za vilima huchukua "the", kama "the Nyando" na "the Cherangani Hills". Ukiandika "the Nandi Hills" umevitaja vilima. Mji wenye jina hilohilo ni "Nandi Hills" tu.

Katika kuyaweka maswali katika usemi wa taarifa, yaani kueleza alichouliza mtu bila kunukuu maneno yake, Kiswahili chako kitakufaa zaidi kuliko unavyodhani. Abiria akiuliza, "Je, matatu hii itafika Maseno?", tulifundishwa kuandika: Aliuliza kama matatu hiyo ingefika Maseno. "Je" imeondoka, "kama" imeingia, "-ta-" imekuwa "-nge-", "hii" imekuwa "hiyo", na alama ya kuuliza imefutwa. Kiingereza hupita njia hiyohiyo: "Will this matatu reach Maseno?" huwa "She asked whether that matatu would reach Maseno." Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni "She asked that will the matatu reach Maseno?", ambalo limeacha "will" mbele ya mtenda na kuweka "that" mahali pa "whether" au "if". Swali likianza kwa "where" au "when", neno hilo lenyewe ndilo kiunganishi, na "whether" haihitajiki.

Kitenzi cha kuuliza kikiwa katika wakati uliopita, "can" huwa "could", "will" huwa "would" na "may" huwa "might", ilhali "could", "would", "should" na "might" hubaki zilivyo. "Must" inaweza kubaki au kuwa "had to". Penye utata hasa ni "shall", ambayo huangaliwa kwa nia ya msemaji. Anayeomba ushauri kwa kusema "Shall I bring tea?" ataandikiwa "He asked whether he should bring tea", lakini anayetaka kujua jambo lijalo, "When shall I know the result?", ataandikiwa "He asked when he would know the result." Tena, "Could you close the window?" kwa kawaida ni ombi, si swali kuhusu uwezo, na sentensi bora ni "She asked me to close the window."

Katika kubadilisha yote hayo, usiviguse vibainishi bila sababu. "May I borrow a pen?" huwa "He asked if he might borrow a pen", wengi huandika "the pen" kwa kudhani kwamba kalamu imeshatajwa, ilhali hakuna aliyejua bado ni kalamu ipi.