Uanzie wapi kumtazama Barbara Stanwyck

Stanwyck, mwigizaji wa Hollywood wa enzi za filamu za zamani, ana filamu zaidi ya 80, na nyingine ni za kawaida tu. Ukiokota yoyote unaweza kukata tamaa mapema. Orodha ya Oscar nayo haitoshi kukuongoza: aliteuliwa mara 4 bila kushinda, akapewa ya heshima mwaka 1982, na filamu yake bora kabisa haimo katika hizo 4.

Filamu hiyo ni The Lady Eve (1941), anza nayo. Wengi hutangulia na Double Indemnity (1944) kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana, wakamkuta mwanamke baridi mwenye wigi la rangi ya dhahabu, wakadhani ndivyo alivyo siku zote. Kwenye The Lady Eve subiri tukio la ukumbi wa chakula melini. Ameshika kioo kidogo, anamchungulia mwigizaji mwenzake Henry Fonda aliyekaa nyuma yake, huku akisimulia jinsi kila mwanamke anavyojaribu kumnasa. Tazama mara moja ukisoma tafsiri, kisha izime, urudie ukifuata macho yake.

Ya pili iwe Stella Dallas (1937), hasa mwisho wake: mama amesimama mvuani, anaitazama harusi ya bintiye kupitia dirishani, leso mdomoni. Sasa ndipo uende Double Indemnity. Mume wake katika filamu anapouawa ndani ya gari, kamera haimwonyeshi. Inabaki kwenye uso wa Stanwyck aliye kwenye usukani. Ukiwa umeshamwona akilia, ukimya huo utakushtua zaidi.

Baby Face (1933) ina matoleo mawili, kwa hiyo angalia urefu kabla ya kubonyeza. Tafuta la dakika kama 76, lililopatikana mwaka 2004 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Lile fupi, pungufu kwa dakika 5 hivi, lilipitiwa na wakaguzi wa maadili ya filamu: ushauri anaopewa na fundi viatu umegeuzwa mahubiri, na mwisho umebadilishwa.

Kwenye runinga, picha za wakati huo zinakaribia mraba. Acha pengo jeusi pande zote mbili. Ukiivuta picha ijaze kioo, nyuso zinapanuka. Zima pia kile kipengele cha kulainisha mwendo, na epuka nakala zilizotiwa rangi baadaye, maana vivuli vya Double Indemnity vinapotea humo.

The Big Valley (1965–1969), tamthilia yake ya runinga, iache mpaka mwisho.