Bomu liliua mtu wako na hakuna aliyekamatwa? Anzia hapa

Kongo ilienda La Haye kudai Uganda ilipe zaidi ya dola bilioni 11 juu ya vita ya 1998 hadi 2003, na mabomu ya Kisangani ya Juni 2000 yakiwemo, mahakama ya CIJ, ile inayoamua kesi za nchi na nchi, ikatoa milioni 325 tu, tarehe 9/2/2022. Majaji walirudia mara nyingi kwamba ushahidi ulioletwa hautoshi. Njo maana nawaambia watu wa Mugunga, wa Kadutu na kwingine, tuanze na karatasi, mambo ya maandamano tutayaona mbele.

Tafuta farde moja, weka ndani karatasi ya kifo, ya hospitali, kadi ya ubatizo, picha, hata risiti ya sanduku. Halafu angalia majina. Unakuta marehemu kwenye ubatizo ni Byamungu, hospitali waliandika Biamungu, kwa shefu wa kartie ni Bamungu, avoka wa upande mwingine akiona hivyo atasema hao ni watu watatu! Omba shefu akuandikie atestasyo kwamba ni mtu mmoja, na sini na muhuri, tena fanya hivyo wakati anayeifahamu familia bado yuko hai.

Kuhusu mashahidi, watu wetu wengi hawashiki tarehe lakini volkano hakuna anayeisahau, kwa hiyo usimuulize mama mzee "ilikuwa tarehe ngapi", muulize kama ni mbele ya Nyiragongo ya 2002 au nyuma, kama mahindi yalikuwa yameshavunwa, kama watoto walikuwa masomo, utafika kwenye mwezi bila kumlazimisha. Msikilize kila mmoja peke yake, ukiwakusanya kwenye sebule moja watatoka wote na hadithi ya yule anayeongea sana. Na kwenye daftari tenganisha alichoona kwa macho na alichosikia kwa watu. Jina la aliyerusha usiliandike kama hakuna aliyemwona. Mnakumbuka Bukavu 27/2/2025, milipuko ya Place de l'Indépendance mkutano wa M23 ulipoisha, M23 na serikali ya Kinshasa kila upande ulimtupia mwenzake lawama siku ile ile, sasa wewe ukijaza dosie lawama za redio umeiua mwenyewe.

Kama alama bado ipo, shimo au ukuta uliotobolewa, piga picha kwa mbali ili mahali pajulikane, kisha kwa karibu na kalamu ya Biki pembeni ili ukubwa uonekane. Wataalamu wanaweza kusoma kwenye shimo bomu lilitoka upande gani. Vipande usiviokote, na chuma ambacho hakijalipuka usikiguse kabisa, weka alama mbali na uite wategua mabomu.

Sasa unapeleka wapi? Inategemea mwaka. Mahakama ya ICC (CPI), ile ya jinai ya kimataifa inayohukumu watu, haigusi kitu cha kabla ya 1/7/2002, kwa hiyo mabomu ya kambi za wakimbizi za 1996 hayaendi kule, hayo utayatafuta kwanza kwenye Ripoti Mapping ya UN ya 2010 juu ya uhalifu uliofanyika Kongo, inayoanzia 1993 hadi 2003, ukikuta tukio lenu limo andika namba ya paragrafu kwenye dosie. Ya Uganda yana mfuko wake, FRIVAO, mfuko wa Kongo wa kugawia waathirika ile fidia ya Uganda. Uhalifu wa vita hauna muda wa kuisha, asikudanganye mtu. Na kesi ya jinai ikikwama madai ya fidia bado yanawezekana kwingine, kule Omagh, Ireland ya Kaskazini, bomu liliua watu 29 mwaka 1998, familia zikafungua kesi ya madai zenyewe zikashinda 2009, na hakuna aliyekuwa amefungwa kwa mauaji yale.

Fomu ya waathirika ya ICC ni bure. Komisyoneri, yule mtu wa kati, akikuomba dola 20 "ya kukuingiza kwenye listi", mwache aende.

Na tafadhali, majina ya mashahidi yasipite kwenye grupu za WhatsApp, hasa kwa hali ya Goma na Bukavu tangu 2025. Fanya fotokopi mbili, moja ikae kwa ndugu aliye nje ya mji, orijino usimpe mtu yeyote, hata avoka, bila karatasi ya kupokea yenye sini yake.