Kuwasha taa ya LED kwa joto la jua bila paneli

Umeme huu hauzaliwi na joto lenyewe. Unazaliwa na tofauti ya joto kati ya nyuso mbili za moduli (kibamba kidogo kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme), jambo ambalo mwanafizikia Seebeck aliligundua mwaka 1821. Wengi huhangaikia upande wa moto, kumbe ugumu uko upande wa baridi.

Tafuta moduli SP1848-27145, sentimita 4 kwa 4. TEC1-12706 ya friji ndogo za soda nayo inafaa, ila lehemu yake ya ndani huyeyuka karibu nyuzi 138, usiizidishe 100.

Eneo dogo hivyo hupokea wati 1.6 tu za jua. Lenzi ya Fresnel (lenzi bapa yenye mistari ya duara) ya sentimita 30 kwa 30 hukusanya kama wati 90, na zaidi ya nusu hufika kwenye moduli. Dishi la sentimita 60 lililobandikwa vioo? Litaiunguza moduli.

Juu weka bamba la alumini la milimita 5 lililopakwa masizi. Chini, kipande kinene cha alumini (mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, watakukatia) kilichozama nusu katika beseni la maji lita 5. Wati 60 kwa saa nzima huyapandisha maji hayo nyuzi 10 tu. Paka grisi ya prosesa (ile ya kupitisha joto kwenye kompyuta) pande zote mbili za moduli, nyembamba mpaka maandishi ya moduli yaonekane. Kaza bolti mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja; ukimaliza moja kwanza, moduli hupasuka. Zivalishe washa za faiba, la sivyo bolti zenyewe zitavusha joto chini.

Tofauti ya nyuzi 60 husoma kama volti 2.4 kwenye mita. Ukiunganisha mzigo zinashuka karibu nusu. Huo si ubovu: hapo ndipo nguvu inapotoka nyingi zaidi. Tumia kiongeza volti kinachoanzia volti 0.9 na kutoa 5, lakini pima kwanza chanya na hasi, maana ukikigeuza kinakufa. Utapata takriban robo ya wati, ya kuwashia taa ya LED. Kuchaji simu janja sahau. Hata maabara za MIT na Boston College mwaka 2011 ziligeuza asilimia 4.6 tu ya nguvu ya jua kuwa umeme, tena ndani ya ombwe.

Uganda, mwezi wa Machi na Septemba, jua la mchana liko karibu utosini, hivyo lenzi hulazwa tu. Doa la mwanga liwe na upana wa sentimita 3, si nukta, na lirekebishwe kila dakika 10. Ukimaliza, funika lenzi kabla ya kugusa maji. Usiiache wazi uani: nyasi kavu hushika moto upesi.