Moto karibu na mpaka wa kaunti: mambo ya kuzingatia kabla peja hazijalia

Vijijini Marekani, nyumba inayoungua inaweza kuwa karibu zaidi na zimamoto ya kaunti jirani kuliko ile ya kaunti yake. Lakini ukaribu peke yake hautoi gari kituoni. Linatoka kwa sababu limeandikwa kwenye kadi ya mwito ya eneo hilo, yaani orodha ya vikosi vinavyoitwa moto ukitokea. Kwa hiyo viongozi wa vikosi na wakuu wa vituo vya simu ya dharura 911 vya pande zote mbili wakae na ramani, waandike barabara kwa barabara: nani anaitwa kwanza, nani wa pili, nani analeta boza la maji.

Amueni aina ya mkataba. Kwenye msaada wa kuombwa, kamanda hufika, akauona moto, ndipo akaomba wenzake. Kwenye msaada wa moja kwa moja, vikosi vyote viwili huitwa kwa mwito mmoja. Kwa moto wa nyumba, chagueni huu wa pili. Kiwango cha NFPA 1720, cha shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto kwa vikosi vya kujitolea, kinataka, penye watu chini ya 500 kwa maili ya mraba, wazimamoto 6 wafike ndani ya dakika 14 katika asilimia 80 ya matukio. Mchana wa siku ya kazi, wengi wa wazimamoto wanaojitolea wako kwenye ajira zao, na kupata hao sita kutoka kikosi kimoja ni vigumu. Mkataba useme wazi pia bima ya nani inamhudumia anayeumia ng'ambo ya mpaka.

Dakika nyingi hupotea kwenye simu. Simu ya mkononi karibu na mpaka hushika mnara wa upande wa pili, ikaangukia kaunti isiyohusika. Mpokea simu aihamishe kwa kitufe kimoja, naye asiondoke kwenye laini mpaka mwenzake aitike. Ikikatika hapo, aliyepiga ataanza upya huku paa linawaka. Aulize na jina la kaunti, kwani barabara hiyohiyo huweza kubadili jina au mpangilio wa namba za nyumba ikivuka mpaka. Kisha kuna kompyuta za mwito zisizosomana: kituo kimoja hulazimika kukipigia kingine ili kiwaite watu wake. Ombeni toni za peja za jirani (ishara zinazoliza peja, vifaa vidogo vya kuwaita wazimamoto) ziwekwe kwenye mitambo ya pande zote. Halafu pimeni mashambani na mabondeni kama peja zinalia kweli, maana mnara wa jirani huenda usifike huko.

Redio nazo. Kaunti moja ikiwa kwenye masafa ya redio ya VHF na nyingine kwenye mtandao wa masafa mengine, wa 800 MHz, hawasikiani hata wakisimama bega kwa bega, isipokuwa kituo cha mwito kiunganishe njia hizo mbili au magari yabebe redio za aina zote mbili. Penye VHF pande zote, ingizeni VFIRE21, njia ya pamoja ya wazimamoto, yaani 154.280 MHz, pamoja na toni ya 156.7 Hz wakati wa kurusha. Namba za magari zitanguliwe na jina la kaunti, la sivyo "gari namba 1" wawili wataitika pamoja.

Mipira ya maji isichukuliwe kwa mazoea. Baltimore ilipoungua Februari 1904, vikosi vilitoka miji mingine, lakini viungo vya mipira yao havikuingia kwenye haidranti (mabomba ya maji ya zimamoto) za mji. Nyuzi za kiwango cha taifa (mizunguko ya kukazia, kama ya skrubu) kwa kiungo cha inchi 2½ ni 7½ kwa inchi, ila bado zipo sehemu zenye nyuzi zao. Bebeni adapta za dume na jike, na za kuunganisha mpira wa inchi 5 na wa inchi 4. Ziungeni siku ya mazoezi, mfungue maji, muone panapovuja.

Jaribuni mwito wote usiku mmoja na mchana mmoja wa siku ya kazi, mkiandika saa ya simu, ya toni na ya gari kuondoka. Anayesikia moto redioni asiende bila kuitwa: kamanda hatajua yuko ndani au nje ya jengo. Na kabla ya kutuma boza lenu la pekee, kadi iwe imeshataja kikosi cha tatu kitakachokuja kulinda kituo chenu.